Kunasa si Kuzika: Mwani, Mafuta na Hewa Ukaa



Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na limesanifiwa ili mafuta yapashwe joto njia nzima. Yakiachwa yapoe yanaganda, kwa sababu mafuta ya bonde la Ziwa Albert yana nta nyingi. Nta hiyo ni alama ya ukoo. Mafuta yaliyozaliwa katika maziwa ya kale, kutokana na mwani, mara nyingi huwa hivyo. Viumbe vidogo vya kijani vilielea, vikafa, vikazama kwenye matope yasiyo na oksijeni, vikafunikwa na udongo, kisha joto la ardhi likavipika kwa mamilioni ya miaka. Basi anayeuliza kama mwani unaweza kutoa mafuta, jibu lake liko chini ya ardhi kule Hoima. Unaweza, na sehemu kubwa ya mafuta ambayo dunia imechoma tangu enzi za kibatari ina asili hiyo hiyo ya viumbe vya majini.

Swali la jioni hii ni lingine. Je, kazi hiyo ya mamilioni ya miaka tunaweza kuifanya sisi kwa wiki mbili, ndani ya bwawa, tena huku tukipunguza hewa ukaa angani? Ahadi hizi mbili, ya mafuta na ya kusafisha anga, zimeuzwa katika kifurushi kimoja kwa miaka mingi. Nitasema mapema ninakoelekea, ili asiyekubaliana nami aanze kuandaa maswali: kila ahadi ina ukweli wake, lakini ukiziweka pamoja zinakulana.

Ninaposema mwani leo, kwa sehemu kubwa nina maana ya ule usioonekana kwa jicho tupu, si ule unaofungwa kwenye kamba Paje na Jambiani, Zanzibar. Huo wa kamba nitaugusa baadaye.

Uzuri wa mwani mdogo ni kwamba hauna mzigo. Mhindi hujenga mizizi, bua, majani na mabunzi kabla haujakupa punje. Seli ya mwani haina cha kusimamisha; maji yanaibeba, nuru inaipata kila upande, na zipo aina zinazoongezeka maradufu ndani ya siku moja. Karibu nusu ya uzito wa mwani mkavu ni kaboni, na kaboni hiyo yote imetoka katika hewa ukaa. Ndiyo maana kila kilo moja ya mwani mkavu imekwisha kula takriban kilo 1.8 za hewa hiyo. Anayetaka kuiona kazi hii bila maabara aende Bogoria au Natron. Maji ya maziwa hayo ya magadi yamejaa kaboni iliyoyeyuka, jua halikosekani, na spirulina huongezeka humo hadi maji yanakuwa kama mlenda. Makundi ya heroe, wale ndege wa waridi, hushiba kwa kuchuja hicho tu. Ni miongoni mwa maji ya asili yanayozalisha sana kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani.

Kwa hiyo sishangai kwamba watu wazima wenye akili zao waliupenda. Huko California, mhandisi William Oswald wa Chuo Kikuu cha Berkeley alikwisha onyesha katika miaka ya 1950 kwamba mwani na bakteria wanaweza kusafisha majitaka kwa kusaidiana, na mwaka 1960 yeye na Clarence Golueke walipendekeza mwani huo ugeuzwe kuwa gesi ya kuendeshea mitambo ya umeme. Mkumbuke majitaka hayo. Nitayarudia, maana kwa maoni yangu Oswald alianzia mahali sahihi na waliomfuata wakahama.

Kuhama kulianza na bei ya mafuta. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu ziliwanyima Wamarekani mafuta, foleni zikajaa vituoni, na mwaka 1978, Rais akiwa Jimmy Carter, Idara ya Nishati ya nchi hiyo ilianzisha mpango maalumu wa kutafiti mafuta ya mwani. Ulidumu hadi 1996 na ukagharimu takriban dola milioni 25. Ripoti yake ya mwisho ilitoka 1998, na mimi humwambia kila mwanafunzi anayenijia na andiko la mradi wa mwani aisome hiyo kwanza. Wengi hawarudi. Wanaorudi huwa wamebadilisha andiko.

Watafiti wale walizunguka madimbwi, maziwa ya chumvi na fukwe wakakusanya aina zaidi ya 3,000, wakazichekecha hadi zikabaki kama 300. Jambo la kwanza walilojifunza ni la kusikitisha kidogo. Ukiunyima mwani naitrojeni, unashindwa kutengeneza protini, basi unaweka akiba ya mafuta. Aina nyingine hufikia nusu ya uzito wake. Takwimu hiyo ya nusu ndiyo iliyopendwa magazetini na kwenye vipeperushi vya kampuni. Lakini mwani wenye njaa haukui. Kila seli ilinenepa, seli zikawa chache, na mafuta yaliyopatikana kwa siku hayakuongezeka.

Jambo la pili walilijua huko Roswell, jimbo la New Mexico, walipotoka kwenye chupa wakaingia juani. Walichimba mabwawa mawili, kila moja mita za mraba 1,000, yenye umbo la uwanja wa mbio, maji ya kina kifupi yakizungushwa na gurudumu la makasia. Hewa ukaa ilipulizwa ndani ya maji, na hapa mwani haukuwaangusha: zaidi ya asilimia 90 ya hewa iliyoingizwa ilitumika. Zilikuwepo siku ambazo mita moja ya mraba ilitoa gramu 50 za mwani mkavu. Ukichukua wastani wa muda mrefu, zilibaki kama gramu 10. Usiku wa jangwani ni baridi, na mwani uliolala kwenye maji ya baridi huchelewa kuamka. Tena mabwawa yalikuwa wazi, hivyo mwani wa mwituni wa pale pale Roswell uliingia wenyewe na kuwashinda wateule wa maabara. Mkulima yeyote anayejua magugu angewaambia hilo bila kulipwa.

Nitazitumia hizo gramu 10. Anayeona ninauonea mwani na azidishe mara mbili, maana sisi hatuna baridi ya Roswell. Hoja yangu haitatikisika.

Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Kwa gramu 10 kila moja, unapata kilo 100 za mwani mkavu kwa siku. Tuseme robo ya uzito huo ni mafuta, na tuwe wakarimu tuseme yote yamekamulika: ni kilo 25, yaani kama lita 27. Hayo ni mafuta ya daladala moja kwa siku moja, na sina hakika yatafika safari ya mwisho ya Mbagala. Kwa mwaka ni lita elfu tisa au kumi hivi kwa hekta. Si haba; michikizi haifikii kiasi hicho, na alizeti yetu ya Singida iko mbali sana nyuma. Ila kampuni zilizokuwa zikitafuta mitaji katika miaka ya 2000 zilinadi lita laki moja na zaidi kwa hekta. Gramu 10 zile zina nishati ya takriban asilimia moja tu ya nuru iliyoangukia mita hiyo ya bwawa. Paneli ya sola ya kawaida iliyotandazwa pale pale ingechukua kama asilimia 20 na kuitoa kama umeme. Vijana wa bodaboda za umeme wa Kigali na Nairobi wameshafanya uamuzi wao bila kusubiri mhadhara huu.

Kisha kuna maji. Nusu gramu kwa lita ni kiwango cha kawaida cha mwani katika bwawa la wazi. Maana yake, ili upate kilo 100 za leo, lazima upitishe lita 200,000 kwenye mitambo yako, maboza 20 ya lita elfu kumi kumi, na ufanye hivyo tena kesho. Seli zenyewe ni ndogo kiasi kwamba zinapita kwenye kitambaa, na uzito wake unakaribiana na wa maji, kwa hiyo hazina haraka ya kuzama. Utazigandisha kwa kemikali, au utazizungusha kwa mashine zinazokula umeme, halafu utazikausha. Spirulina peke yake ina huruma: ni nyuzi ndefu zilizojisokota, inachujika. Ndiyo sababu wanawake wa Kikanembu kando ya Ziwa Chad wamekuwa wakiivuna kwa vikapu na kuikausha mchangani, wala hawakuhitaji mhandisi. Kwa bahati mbaya spirulina ina protini nyingi na mafuta kidogo. Ni chakula.

Mbolea ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu karibu kila andiko la mradi huiruka. Mwani mkavu una naitrojeni kama asilimia 7 au zaidi ya uzito wake. Kilo 100 za mwani zimekula kilo 7 za naitrojeni, na hizo ni kilo 15 za urea. Mfuko wa kilo 50 unamalizika kila baada ya siku tatu. Hekta moja, mwaka mmoja, zaidi ya mifuko 100! Mkulima wa mahindi wa Mbozi akipata mitatu minne kwa hekta hiyo hiyo anamshukuru Mungu. Na urea haidondoki kutoka mbinguni. Inatengenezwa kwa gesi asilia, na kiwanda chake kinatoa hewa ukaa ileile tuliyosema tunaikimbia. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipiga hesabu ya kuzalisha kwa mwani asilimia 5 tu ya mafuta ya usafiri ya nchi ile. Bila kurudisha mbolea kwenye mzunguko, ingehitajika naitrojeni tani milioni 6 hadi 15 kwa mwaka, yaani kati ya asilimia 44 na 107 ya naitrojeni yote iliyokuwa ikitumika Marekani. Fosforasi ni habari hiyo hiyo, na fosforasi huchimbwa migodini. Haitengenezwi kwa hewa.

Sasa niingie kwenye hewa ukaa yenyewe, ahadi ya pili.

Turudi kwenye hekta yetu. Kilo 100 za mwani zimenasa kilo 180 za hewa ukaa leo. Ni kweli, zimenasa, na mwenye mradi atakupigia picha bwawa la kijani na nyuma yake bomba la moshi. Mafuta yakishakamuliwa yanakwenda kwenye tangi la daladala, na kufikia usiku kilo 70 hivi za hewa hiyo zimetoka kwenye ekzosi na kurudi zilikotoka. Zilizobaki ziko kwenye mashudu. Akila ng'ombe, anazipumua. Ukiyachachusha upate gesi, unaichoma. Ukiyatupa, yanaoza. Baada ya miezi michache kitabu kinasoma sifuri, na hapo bado hatujatoa pampu, mashine za kukaushia na urea. Mwani umekopa kaboni asubuhi na kuirudisha jioni; anayehesabu mkopo kama akiba anajidanganya.

Mtu atasema: lakini mafuta hayo yamechukua nafasi ya dizeli ya kuchimbwa. Naam, faida hiyo ipo. Ila ni moja tu, na hainunuliwi mara mbili. Ukimwambia mwenye kiwanda cha makaa kwamba moshi wake umefutwa kwa sababu mwani umeunasa, huwezi kumwambia tena mwenye ndege kwamba mafuta ya mwani huo huo hayana kaboni. Kaboni moja imechomwa mara mbili na kutoka mara moja. Mmoja wa hao wawili ndiye anayepaswa kuiandika kwenye daftari lake. Nimeona maandiko ambamo wote wawili wameifuta.

Ukubwa nao tuuangalie. Mtambo wa makaa wa megawati 500 hutoa takriban tani milioni 3 za hewa ukaa kwa mwaka. Hekta yetu inanasa tani 66. Gawanya: hekta 45,000 za mabwawa, kilomita za mraba 450, zaidi ya robo ya kisiwa cha Unguja. Ule mtambo wa Lamu, ambao Baraza la Rufaa la Mazingira la Kenya lilifuta leseni yake Juni 2019, ulikusudiwa kuwa wa megawati 1,050, zidisheni wenyewe. Na makaa yanawaka usiku na mchana, ilhali mwani usiku haunasi kitu, unapumua kama sisi.

Njia ya kuizika kaboni kweli ni ile ya Hoima: mwani uzame mahali pasipo na oksijeni, usiliwe, ukae. Wapo waliojaribu kuisaidia bahari ifanye hivyo. Sehemu za bahari ya kusini zina kila kirutubisho isipokuwa madini ya chuma, kwa hiyo ukimwaga chuma mwani unalipuka. Majaribio yalianza miaka ya 1990. Mwaka 2009 meli ya Kijerumani Polarstern, ikiwa na wanasayansi wa Kihindi na Kijerumani, ilimwaga chuma katika Bahari ya Kusini kwenye jaribio lililoitwa LOHAFEX. Mwani uliota, kama ilivyotarajiwa. Kisha wakaja wadudu wa baharini wa jamii ya kamba wakaula, na kaboni iliyozama chini ikawa kidogo sana. Maji yale yalikosa silika, ambayo mwani wa aina ya dayatomu huhitaji kwa ajili ya magamba yake mazito, na bila dayatomu kulikuwa na malisho tu. Bahari ina walaji wengi kuliko wahifadhi. Hata kwa mwani wa kale, sehemu iliyonusurika hadi ikawa mafuta ilikuwa ndogo mno. Wingi wa muda ndio uliofanya kazi.

Ndipo nasikia wakulima wa mwani wa Zanzibar nao wakitajiwa biashara ya hewa ukaa. Kilimo hicho kimekuwepo tangu 1989, wengi wanaokifanya ni akina mama, na wao wana shida halisi: maji yamepata joto, ile aina iitwayo kotoni, yenye bei nzuri, inawafia, wamebaki na aina ya spinosamu ya bei ya chini. Mwani wao huvunwa baada ya wiki kama sita, unakaushwa, unasafirishwa, unaishia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Kaboni yake inaliwa. Akija mtu na mkataba wa kununua hewa ukaa ya kamba zile, wamuulize inazikwa wapi. Msaada wa kuhamisha mashamba kwenye maji ya kina ungewafaa zaidi.

Kampuni za mafuta zilipita njia yao. Mwaka 2009 ExxonMobil ilitangaza ushirikiano na kampuni ya Craig Venter, mmoja wa waliosoma jenomu ya binadamu, na kutaja dola milioni 600. Mwaka 2017 walikuwa na habari njema ya kweli: kwa kuhariri jeni za mwani uitwao Nannochloropsis gaditana walipandisha mafuta kutoka asilimia 20 hadi zaidi ya 40 bila kuudumaza sana. Kile kitendawili cha njaa cha miaka ya 1980 kilikuwa kimeteguliwa maabara, na ninawavulia kofia. Lengo lililotangazwa lilikuwa uwezo wa kuzalisha mapipa 10,000 kwa siku ifikapo 2025, katika dunia inayochoma mapipa milioni 100 hivi kwa siku. Matangazo ya televisheni yalikuwa mengi kuliko mapipa. Mwanzoni mwa 2023 ilijulikana kwamba Exxon imejitoa.

Nilisema nitarudi kwenye majitaka. Nendeni Vingunguti, au Ruai nje kidogo ya Nairobi, mkaangalie mabwawa ya kusafishia majitaka. Lile la mwisho katika mfululizo ni la kijani, na hakuna aliyepanda kitu. Bakteria wanavunja uchafu na kutoa hewa ukaa. Mwani unaila na kuwatolea bakteria oksijeni, bure, kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na mashine za kupuliza hewa zinazokula umeme saa 24. Naitrojeni na fosforasi zimekuja zenyewe, nasi tunafurahi zikiondolewa, maana zikifika ziwani tunajua zinachofanya: waulizeni wavuvi wa Ghuba ya Winam maji yanapogeuka rangi. Mwani wa bwawa hilo usikamuliwe. Utiwe mbichi kwenye mtambo wa gesi pamoja na tope la majitaka, uendeshe pampu za pale pale, na masalia yaende shambani. Hapo hesabu ya mbolea inageuka upande wetu, na umeme ambao hukuutumia kupuliza hewa ni akiba halisi. Lita za kuuza hakuna. Ndiyo maana hakuna mwekezaji aliyewahi kupiga picha mbele ya bwawa la Vingunguti.

Imebaki ndege. Betri ni nzito mno kwa safari ya Dar es Salaam hadi Amsterdam, kwa hiyo mafuta ya kimiminika yatahitajika angani kwa miaka mingi, na hapo mwani bado una hoja. Tarehe 7 Januari 2009 ndege ya Continental ilipaa Houston injini yake moja ikinywa mchanganyiko uliokuwa na mbono mwingi na mwani kidogo. Siku chache kabla, Air New Zealand ilikuwa imerusha yake kwa mafuta ya mbono, mengine yakiwa yametoka Tanzania. Wenzetu wa Kisarawe waliotoa ardhi kwa ajili ya mbono wanaijua sehemu ya pili ya hadithi ile. Zao lililosifiwa kwamba halitaki maji wala mbolea lilipopandwa lilitaka vyote viwili.

Ile kampuni ya Venter, ambayo ilibadili jina ikaitwa Viridos, haikufa hapo. Wiki chache baada ya habari za kuondoka kwa Exxon ilipata dola milioni 25, na kati ya waliotoa ni shirika la ndege la United na kampuni ya Chevron. Siwezi kuwaombea mabaya. Siku watakapokuja huku kutafuta pwani tambarare yenye jua na maji ya chumvi, na nadhani watakuja, wizara isiwaombe picha za bwawa. Iwaombe karatasi moja: kilo ngapi kwa hekta kwa mwaka mzima, usiku na masika zikiwemo, umeme kiasi gani umetumika kuvuna, mbolea imetoka wapi, na kaboni hiyo imeandikwa kwenye daftari la nani. Maswali, tafadhali. Naona mkono pale nyuma.